Dhahabu ina wenyewe

Najua nimeadimika hapa kibarazani. Kazi ya gazeti ilinipeleka Geita kuandika habari za wachimbaji wadogo, na habari yenyewe ilipotoka ilikuwa imekatwa nusu, kama kawaida. Kilichobaki kwenye daftari ndicho ninachokileta leo.

Ilikuwa usiku, Nyarugusu. Makarasha yalikuwa yamezimwa na masikio ndiyo kwanza yanapumzika. Nilikaa na mzee mmoja mwenye duara lake, huku kijana wake akichoma muhogo. Juu Kilimia kilikuwa kimepanda. Mzee akakionyesha kwa kidole, akasema kwao zamani kikionekana hivyo watu walishika majembe. Nikamuuliza kama duara lake linatema. Akacheka.

"Mwanangu, dhahabu ina wenyewe. Usipowaona wenyewe utachimba mpaka meno yaishe."

Mtu yeyote aliyekulia Shinyanga anajua maana ya kuwaona wenyewe. Ni kwenda kwa mganga. Mganga anaweza kukuambia ulete kuku mweusi, mambo yakaishia hapo. Lakini kuna miaka ambayo waganga fulani walitaka zaidi ya kuku.

Mwaka 2008 nilikuwa darasa la tatu. Jirani yangu wa dawati alikuwa msichana mwenye ualbino, hodari wa hesabu, aliyekuwa akiinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi. Siku moja hakuja. Wiki ikapita. Mwalimu akatuambia wazazi wamempeleka shule ya bweni mbali, mahali ambapo atalindwa. Hakutuambia analindwa dhidi ya nani.

Baadaye tulijua. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wengi wenye ualbino, watoto wakiwemo, waliuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya uvumi kuwa viungo vyao vinavuta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shymaa Kwegyir, mama mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Msije mkadhani hizo ni habari za kale. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliuawa Muleba, Kagera.

Yote hayo yalinipita kichwani pale kwenye moto, na sikumjibu mzee. Yeye hakutaja mtu, alisema "wenyewe" tu, nami ni mgeni niliyekaribishwa muhogo. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikera tangu siku ile. Basi haya ndiyo majibu yangu.

Mzee ana haki katika jambo moja. Dhahabu ina wenyewe kweli. Tatizo ni kwamba tunawatafuta mahali pasipo.

Tuanzie na yanayojulikana. Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, enzi za Wajerumani. Kati ya 1936 na 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Ukafungwa, ukalala, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya wa kisasa. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Wanajiolojia wanasema dhahabu hiyo iliingia kwenye miamba yetu kiasi cha miaka bilioni 2.6 iliyopita, pale maji ya moto kutoka chini sana yalipopanda kwenye nyufa na kuiacha humo.

Lakini maji yale yaliibeba tu, hayakuitengeneza. Dhahabu haipikwi kwa moto wa duniani. Wataalamu wa Ulaya na Uarabuni walijaribu kwa karne nyingi kugeuza risasi kuwa dhahabu, wakashindwa wote. Tanuri lake lilikuwa mbinguni, na si maneno ya mahubiri.

Nyota ni wingu kubwa la gesi lililojikunja kwa uzito wake mpaka katikati pakawaka. Mwaka 1925 binti wa Kiingereza wa miaka 25, Cecilia Payne, aliandika tasnifu huko Harvard akionyesha kuwa nyota zimejaa zaidi haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Mkubwa mmoja wa fani, Henry Norris Russell, alimwambia hilo haliwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe akafikia jibu lile lile. Mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza jinsi nyota inavyoishi: inaunganisha haidrojeni kuwa heli, na joto linalotoka ndilo linaloizuia isidondokee ndani yake yenyewe. Maisha yote ya nyota ni kuvutana huko, uzito unasukuma ndani na joto linasukuma nje. Kuni zikiisha, uzito unashinda. Namna nyota inavyokufa, na mirathi inayoacha, inategemea ukubwa wake.

Mirathi ya kwanza ni kaboni. Nyota kama Jua letu haifi kwa kishindo. Uzeeni inavimba na kuwa jitu jekundu, inapika heli kuwa kaboni, kisha inapuliza ngozi yake angani taratibu. Kinachobaki ni kibete cheupe, kaa la moto lenye ukubwa wa kama Dunia, linalopoa kwa mabilioni ya miaka. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kwenda Uingereza kusoma, alipiga hesabu na kukuta kuwa kaa hilo lina kikomo. Likizidi uzito wa Jua mara 1.4 hivi, haliwezi kujibeba.

Kaboni ile ndiyo iliyomo kwenye mkaa wa jikoni kwako, na kwenye almasi za Mwadui. Mcanada John Williamson alizigundua mwaka 1940, na mwaka 1947 Mwadui ikatoa ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Malkia Elizabeth alipoolewa, akiwa bado binti mfalme. Jiwe lile lilibanwa na kuiva ndani ya Dunia, lakini kaboni yake ilipikwa ndani ya nyota.

Mirathi ya pili ni chuma. Nyota nzito, zenye uzito wa Jua mara nane na zaidi, zina vurugu zaidi. Zinapika kaboni kuwa oksijeni na kuendelea, hatua kwa hatua, mpaka zinafika kwenye chuma. Hapo mambo yanaisha, kwa sababu kuunganisha chuma hakutoi joto, kunakula joto. Kitovu kinaporomoka chini ya sekunde moja, na tabaka za nje zinalipuka. Huo mlipuko unaitwa supanova. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota iliyoonekana mchana kwa wiki kadhaa. Mabaki yake bado yapo, wingu linaloonekana kwa darubini. Vibete vyeupe navyo vikipita kikomo chake Chandrasekhar vinaweza kulipuka, na hivyo ndivyo vinavyomwaga chuma kingi zaidi.

Kabla ya dhahabu, nchi hii ya kusini mwa ziwa ilijulikana kwa chuma. Walongo wa upande wa Geita walikuwa mafundi wa kukichenjua kwa matanuri ya udongo, makaa na mivukuto, na majembe yao yalikwenda Usukuma na Unyamwezi. Yale majembe aliyoyataja mzee chini ya Kilimia yalitokana na nyota.

Mirathi ya tatu ndiyo yenye kesi. Mwaka 1957 wanasayansi wanne, Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, walichapa makala ndefu iliyoeleza jinsi nyota zinavyotengeneza karibu kila kitu kilichopo. Kuhusu dhahabu walisema inahitaji mafuriko ya nyutroni, mengi na kwa ghafla. Lakini mafuriko hayo yanatokea wapi hasa? Hilo likabaki kitendawili kwa miaka 60.

Dalili zilianza kuja kutoka kwenye makaburi ya nyota. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walibashiri kuwa supanova inaacha kitu cha nyutroni tupu: uzito unaozidi wa Jua umesindikwa kwenye tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Mwaka 1967 mwanafunzi Jocelyn Bell akaikamata nyota ya namna hiyo kwa redio, ikipiga kama saa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 wakapewa wakubwa zake.

Halafu ikaja zamu ya Afrika Mashariki, na hili sikufundishwa shuleni hata siku moja. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini upande wa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama anga kwa eksirei. Kwa heshima ya siku ile wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili kabisa! Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339, na ikaonyesha kuwa baadhi ni nyota za nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota wenzake. Ikasaidia pia kumtambua Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubalika, kaburi la nyota nzito kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo nyota zilizokufa haziishi peke yake kila mara. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor walikuta nyota mbili za nyutroni zikizungukana na kukaribiana polepole. Siku moja lazima zitagongana. Zikigongana, mafuriko yale ya nyutroni yatakuwepo.

Jibu lilifika tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo ya LIGO ya Marekani na Virgo ya Italia ilisikia mtikisiko wa mawimbi ya mvutano, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti zikaona mwako. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana umbali wa miaka ya mwanga milioni 130. Tukio lenyewe lilitokea dinosaria wakiwa bado wanatembea duniani, habari ndiyo kwanza inafika. Mwanga wake ulionyesha vitu vizito vikitengenezwa, na kwa makadirio dhahabu peke yake ilikuwa na uzito wa Dunia nzima mara kadhaa. Wapo wataalamu wanaosema milipuko mingine ya nyota nayo ilichangia dhahabu ya ulimwengu, na mjadala unaendelea. Lakini yote wanayoyataja ni vifo au mabaki ya nyota.

Mnakumbuka sisi tulikuwa wapi mwaka huo? Mimi nilikuwa kidato cha tano, na nchi nzima ilikuwa inahesabu makontena 277 ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yaliyozuiwa. Tulibishana kwa haki kabisa kuhusu nani anakula dhahabu yetu. Habari ya ilikotoka ilitupita pembeni.

Sasa nirudi kwa mzee. Dhahabu ya duara lako, mzee wangu, ni ya zamani kuliko Dunia na kuliko Jua, kwa kuwa ilikuwemo tayari kwenye wingu lililozaa vyote viwili miaka bilioni 4.6 iliyopita. Kile Kilimia ulichonionyesha kina umri wa miaka milioni 100 na ushee. Ni mtoto mchanga mbele ya punje iliyomo kwenye karai lako. Wenyewe walikufa kabla hakujawa na ardhi ya kuchimba. Hawali kuku, hawanywi damu, wala hawana mjumbe hapa mjini.

Na mfupa wa binadamu? Una kalisi, ile ile ya kwenye chokaa, nayo ilipikwa ndani ya nyota. Damu ina chuma, kile kile cha majembe ya Walongo. Ualbino ni upungufu wa rangi ya ngozi, macho na nywele, ambao mtoto anaurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao hawana ualbino. Basi. Mwili wa jirani yangu wa dawati umetokana na mirathi ile ile iliyoujenga wangu, na hakuna kitu ndani yake kinachoijua njia ya dhahabu. Aliyesema kipo alikuwa anauza, na aliyenunua alilipia kwa roho ya mtoto wa mtu.

Duara likitema, limetema kwa sababu mlikata ufa ambao maji ya moto yalipita miaka bilioni 2.6 iliyopita. Lisipotema, hamkuukata. Atakayekusaidia hapo ni mjiolojia.

Yule msichana sijamwona tena tangu 2008. Makala hii nimeichapa kwa herufi kubwa, maana mzee macho yamechoka, na kesho asubuhi nitampa dereva wa Hiace ya Nyarugusu ampelekee. Nimeweka na namba yangu ya simu chini. Kama atanipigia kunigombeza, nitasikiliza, lakini safari hii sitanyamaza.

Alamsiki.