Kutoka Rangi hadi Maelezo: Historia Fupi ya Upimaji wa Afya ya Klasta za Utafutaji katika Enzi ya Mawakala wa Akili Mnemba

Ikisiri
Makala hii inafuatilia namna hali ya klasta za utafutaji ilivyoelezwa kwa watumiaji wake tangu Elasticsearch ilipotolewa mwaka 2010. Inadai kwamba rangi tatu zilizomtosha mhandisi hazimtoshi wakala wa akili mnemba, na kwamba uandishi wa nyaraka za zana sasa ni suala la usalama wa data.

1.0 Utangulizi
Katika karne ya 19, reli za Uingereza zilitumia taa nyeupe kumruhusu dereva aendelee, ya kijani kumtahadharisha na nyekundu kumsimamisha. Mpango huo ulikuwa na dosari kubwa: kioo chekundu kikivunjika, mwanga mweupe uliobaki ulimwambia dereva kwamba njia ni salama. Hatimaye taa nyeupe iliachwa, na ya kijani ikachukua nafasi yake. Historia hiyo inaonyesha kwamba maana ya rangi hutokana na makubaliano ya wanaoitumia. Klasta ya utafutaji, yaani kundi la seva zinazoshirikiana kuhifadhi na kutafuta matini, imerithi makubaliano hayo. Swali la makala hii ni hili: hutokea nini pale msomaji wa rangi anapokuwa programu?

2.0 Rangi Tatu na Msomaji Wake
Lucene, maktaba ya programu iliyoasisiwa na Doug Cutting, ilipokelewa na Apache Software Foundation mwaka 2001. Juu ya msingi huo Shay Banon alijenga Elasticsearch. Katika mfumo huu, faharasa hugawanywa katika vipande vikuu, na kila kipande kikuu huweza kuwa na nakala kwenye seva nyingine. Rangi ya kijani humaanisha kwamba vipande vikuu na nakala zote vimepangiwa seva; ya manjano, kwamba vipande vikuu vyote vimepangiwa lakini kuna nakala isiyo na mahali; nyekundu, kwamba angalau kipande kikuu kimoja hakijapangiwa. Klasta nzima hupewa rangi ya faharasa iliyo katika hali mbaya zaidi.

Mhandisi mzoefu alijua mengi yasiyoandikwa katika jibu hilo. Alijua kwamba klasta ya seva moja, kwa mpangilio wa kawaida, hubaki katika manjano, kwa kuwa nakala haiwekwi kwenye seva ileile yenye kipande chake kikuu. Alijua kwamba seva ikitoka, mfumo husubiri dakika 1 kabla ya kujenga nakala kwingineko. Hivyo manjano ya saa nane usiku huenda ikapita yenyewe. Alijua pia kwamba kijani hakithibitishi usahihi wa matini wala kasi ya utafutaji.

3.0 Kutoka Rangi hadi Sababu
Toleo la 5.0 la mwaka 2016 liliongeza kiolesura kinachoeleza kwa nini kipande fulani hakijapangiwa seva. Toleo la 8.7 la mwaka 2023 lilileta ripoti ya afya inayotaja dalili, athari, chanzo na hatua ya kuchukua. Aidha, ripoti hiyo ina hali ya nne: haijulikani. Hapo ndipo funzo la reli lilipozingatiwa, kwani kukosekana kwa taarifa kulitenganishwa na usalama. Hata hivyo, OpenSearch ilichipuka mwaka 2021 kutokana na toleo la 7.10.2, kabla ripoti hiyo haijakuwapo. Zana inayohudumia mifumo yote miwili haiwezi kudhani kwamba ripoti ipo kila mahali.

4.0 Wakala kama Msomaji
Novemba 2024, Anthropic ilitangaza Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli za lugha na zana za nje. Kila zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na muundo wa data inayopokea. Wakala huchagua zana kwa kutegemea maelezo hayo. Kile ambacho mhandisi alikijua kwa uzoefu hakina budi kuandikwa humo.

Hatari yenyewe ni dhahiri. Elasticsearch ina amri ya kuweka kipande kikuu kitupu mahali pa kilichopotea. Amri hiyo huweza kuondoa rangi nyekundu, lakini data ya awali hupotea hata seva iliyozimika ikirejea. Mfumo humtaka mtumiaji atamke kwamba anakubali kupoteza data. Binadamu husita hapo. Wakala aliyeagizwa tu kurudisha kijani anaweza kujaza sharti hilo kama anavyojaza sehemu nyingine yoyote ya fomu. Marekebisho ya itifaki ya Machi 2025 yaliongeza alama za kutofautisha zana zinazosoma tu na zinazoweza kuharibu. Lakini alama hizo ni vidokezo, hazizuii kitendo.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo
Inapendekezwa kwamba nyaraka za zana ya kupima afya zieleze rangi inapima nini na haipimi nini, zitaje mazingira ambamo manjano ni hali ya kawaida, na zielekeze muda wa kusubiri kabla ya kupima tena. Jibu lisilopatikana liripotiwe kuwa halijulikani, kamwe lisihesabiwe kuwa kijani. Zana ya kupima itenganishwe na zana ya kubadili, na utengano huo utekelezwe kwa vibali vya seva. Kwa washauri wa sera, taasisi zinazokabidhi maktaba na nyaraka zake kwa mifumo ya aina hii zidai maelezo hayo katika mikataba, na zimtaje kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya kukubali upotevu wa data.