Pumzi, Upepo na Roho: Neno Lililofika Nyacheki

Jumamosi asubuhi soko la Nyacheki, katika Bobasi, kaunti ya Kisii, huchelewa kuchangamka. Wasabato ni wengi huku, na hata asiyesali hujua ni siku gani kwa nyimbo zinazotoka makanisani. Ukisimama karibu na mlango utamsikia mhubiri akimwomba Omoika Omochenu ashuke. Mgeni kutoka Mombasa ataelewa kwamba anayetajwa ni Roho Mtakatifu. Asichojua ni kwamba omoika kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii wa huku, ni pumzi, ile inayotoka puani na mdomoni. Waganda wana ndugu yake, omukka, wanalolitumia kwa mvuke, hewa na pumzi pia.

Wazo hili la kuiita roho pumzi lina historia ndefu kuliko kanisa lenyewe.

Waebrania walikuwa na ruach. Ruach ni upepo, ni pumzi, ni roho, na hawakuona haja ya kuyatenga. Katika Mwanzo sura ya tatu, Mungu anapotembea bustanini jua likipunga, Kiebrania husema ni kwenye ruach ya mchana, yaani ule upepo mwanana wa jioni. Katika Ezekieli 37, kwenye bonde la mifupa mikavu, neno hilohilo linarudi mara kwa mara, na mfasiri hana budi kuamua kila linapotokea. Biblia ya Kiswahili ililigawa: hapa pepo, pale pumzi, kule roho. Msomaji wetu anaona vitu vitatu. Msomaji wa Kiebrania alikuwa anaona kimoja.

Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuyatafsiri maandiko kwa Kigiriki, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, walipata pneuma, neno lenye tabia ileile. Ndilo analolichezea Yesu anapozungumza na Nikodemo usiku katika Yohana sura ya tatu: upepo na Roho, neno moja. Wagiriki walikuwa na neno jingine pia, aura, la upepo mwepesi usiotikisa hata jani kubwa. Wafasiri walilitumia pale Eliya aliposimama mlimani Horebu, baada ya tufani, tetemeko na moto. Kiebrania kinasema sauti ya kimya chembamba, jambo ambalo hata leo linawasumbua wataalamu; Kigiriki kikasikia upepo mwanana. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 waliirudisha kuwa sauti. Aura yenyewe iliingia Kiingereza kupitia Kilatini, na siku hizi wanaitumia kwa hali fulani inayomzunguka mtu. Upepo umekwisha kutoka humo.

Kiswahili kilikuwa na nafasi nzuri kuliko Kiingereza. Tazama: upepo, pepo, peponi. Mtu hwenda Forodhani kupunga upepo, na mganga hupunga pepo, kwa kitenzi hichohicho. Lakini pepo alishakuwa kiumbe wa kuogopwa, anayepanda kichwani na kudai ngoma, basi nani angethubutu kumweka katika Utatu? Tena Waislamu wa pwani walikuwa na roho tangu kale, kutoka Kiarabu ruh, ambalo ni la ukoo mmoja na ruach. Mmisionari Krapf alianza kutafsiri Biblia Mombasa mwaka 1844, na Askofu Steere wa Unguja akasukuma kazi mbele, roho likakaa. Kwa maoni yangu hawakukosea, ingawa Mswahili anayesema roho inamuuma au fulani ana roho mbaya hana upepo wowote akilini.

Kwa Gusii, nchi ya Abagusii, habari zilipitia Ziwa Victoria. Mmisionari Carscallen, akiwa na Peter Nyambo wa Malawi, alifika Gendia mwaka 1906, na Wasabato wakapanda kutoka kwa Wajaluo hadi Nyanchwa mwaka 1912. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa wameshapiga kambi Nyabururu mwaka mmoja kabla. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Kisii Septemba 1914 na serikali ya kikoloni ikatimka, misheni zote mbili ziliporwa. Somo la kwanza halikuwa limekolea. Njia hiyo ya ziwani iliacha alama kubwa: Mwabudiwa wa Abagusii aliyeitwa Engoro akapisha Nyasae, jina la Kijaluo.

Ungetarajia basi roho nayo ipande mlima kwa njia hiyo, kwa sababu Wajaluo wenyewe waliiazima: husema Roho Maler, kama Wakikuyu wanavyosema Roho Mutheru. Neno hilo la kuazima lilipata nguvu zake huko, hata likawa jina la dini, Dini ya Roho ya Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa Musanda mwaka 1934. Gusii haikuazima. Ilikuwa na ebirecha, lakini hao ni wahenga waliokufa, wenye uwezo wa kuleta maradhi mpaka mwaguzi atamke mbuzi gani achinjwe. Kuwaita hao kungemfanya Roho awe babu mwenye madai. Ikachukuliwa pumzi.

Nakubali kuna kilichopotea. Upepo kwa Ekegusii ni embeo, kwa hiyo fumbo la Nikodemo linakatika Nyacheki kama lilivyokatika Unguja. Wakamba waliponea chupuchupu: Veva Mutheu wao ni wa ukoo wa upepo wetu. Lakini nikilinganisha roho ya kuazima na pumzi ya nyumbani, naona Abagusii walipata iliyo bora. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa kali, muuza ndizi akipuliza viganja vyake utaiona omoika ikitoka nyeupe. Mtoto wa shule ya Sabato hahitaji kamusi.

Biblia nzima ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988, miongo kadhaa baada ya Agano Jipya. Waliobishana juu ya kila neno mezani ni wazee sasa, na wengine wameshatangulia. Chuo Kikuu cha Kisii kiko karibu, makanisa yapo, simu ya kurekodi iko mfukoni mwa kila kijana. Mwenye mzee wa aina hiyo nyumbani amwulize mwaka huu huu, na ayahifadhi majibu yake.