Reli ya Butere haikujengwa tuone mandhari

Wasee, juzi nimecheki video ya treni moja ya Uswisi nikabaki mdomo wazi. Inaitwa Vitznau–Rigi. Inaanzia kando ya ziwa, penye hoteli za watalii, inapanda mpaka kileleni. Mlima ni mkali, magurudumu ya kawaida yangeteleza tu. Kwa hivyo katikati ya reli wameweka chuma chenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linalokishika hatua kwa hatua. Ilifunguliwa 1871. Kazi yake? Kupeleka watu juu waone mawingu, kisha washuke. Basi.

Nikajiuliza, si hata sisi huku Kakamega County tuko na reli inayotoka ziwani ikipanda?

Shuleni walituambia reli ilifika Kisumu 1901, hadithi ikaishia hapo. Lakini miaka ya mwanzo ya 1930 mkoloni aliongeza tawi. Likapanda Maseno, likavuka ikweta, likapita Luanda na Yala, likaishia Butere. Karibu kilomita 70. Halina meno, linapinda pinda likitafuta kimo polepole. Na halikuwa la kuona mandhari. Lilikuja kuteremsha mahindi na mazao mengine mpaka Kisumu, yaendelee hadi Mombasa.

Cheki pia kilichokuwa kinaendelea. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ikisema ardhi ya Waafrika italindwa. 1931 dhahabu ikapatikana hapa Kakamega. 1932 sheria ikabadilishwa, ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa migodi bila jamii kupewa nyingine mahali pake. Ahadi ilidumu miaka miwili tu! Ukijua hiyo, huwezi kuamini kwamba reli ililetwa kwa upendo.

Lakini kuna upande mwingine, na huu nimepewa na kukhu wangu. Anasema alikuwa anapanda treni Butere na kuku wawili na mkungu wa ndizi, behewa limejaa akina mama wenzake. Anauza Kisumu, jioni anarudi na samaki. Hiyo pesa ndiyo ilimsomesha mamangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siwezi kujifanya profesa. Lakini hii ni history pia. Reli iliyowekwa kubeba mali yetu, akina mama waliigeuza ikawabeba wao.

Ndiyo maana huwa naskia vibaya mtu akisema reli ya Butere ni chuma kuukuu, ing'olewe iuzwe kwa kilo. Uswisi treni yao ya 1871 bado inapanda mlima. Sisi yetu hata haijafika miaka mia.

Leo ukifika nyumbani muulize kukhu ama guka wako: aliwahi kupanda treni ya Butere? Alibeba nini? Niandikie hapo chini, nitasoma zote.