Tafsiri na Tarjama: Ufasiri wa Kurani katika Pwani ya Afrika Mashariki

Katika Kiarabu, tafsiri ni ufafanuzi wa maana ya Kurani, na tarjama ni kuihamishia maana hiyo katika lugha nyingine. Kiswahili kililichukua neno la kwanza kikalibebesha kazi zote mbili. Mchanganyiko huu si suala la msamiati pekee, kwani unajitokeza katika vitabu vyenyewe.

Kwa muda mrefu ufasiri wa pwani ulikuwa wa mdomo. Katika darsa, sheikh alisoma aya kwa Kiarabu, akaieleza kwa Kiswahili, na maelezo yakabaki vifuani mwa wanafunzi. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mfuasi wa fikra za islahi za Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, alianza tafsiri yake, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Mwaka 1953 Waahmadiya wakatoa yao mjini Nairobi.

Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, alipotoa *Qurani Takatifu* mwaka 1969, aliandika akiwa na vitabu hivyo viwili mbele yake. Chukua aya ya 40 ya Sura al-Ahzab. Neno la Kiarabu khatam hubeba maana ya muhuri. Waahmadiya huuona muhuri huo kuwa alama ya ubora wa Mtume. Wasunni huuona kuwa hitimisho la utume. Mfasiri hawezi kuliepuka neno hilo: kila kisawe anachokichagua kina itikadi ndani yake, na anapohisi kuwa kisawe hakitoshi, hukimbilia tanbihi. Ndiyo maana tanbihi za al-Farsy zinastahili kusomwa kwa makini kuliko zinavyosomwa kwa kawaida. Humo darsa ya mdomo iliendelea kwa maandishi, safari hii mbele ya wapinzani.

Ali Muhsin al-Barwani aliirejesha tofauti ya istilahi mwaka 1995 kwa kukiita kitabu chake *Tarjama ya Al-Muntakhab*. Hata hivyo, Al-Muntakhab yenyewe, iliyoandaliwa na wanazuoni wa Misri, ni tafsiri.