Futi Tatu za Baba Mdogo

Wiki iliyopita niliandika habari ya mistari minne: mwendesha baiskeli kagongwa na basi, kafa papo hapo, dereva katoroka. Mhariri akaikata, ikabaki mistari mitatu. Sikubisha, nafasi ilikuwa finyu. Ila usiku sikulala vizuri, maana baba yangu mdogo naye ni mtu wa baiskeli. Anauza mkaa. Miaka miwili iliyopita kioo cha pembeni cha basi kilimpiga begani, akaangukia mtaroni na magunia yake. Dereva hata breki hakushika. Baba mdogo mpaka leo anasema, "Hakunigonga, kanipitia karibu tu."

Karibu ni kiasi gani? Ndilo swali lililonifanya nichimbue historia kidogo.

Kumbe zamani aliyeogopwa alikuwa mwenye baiskeli! Sheria ya Uingereza ya 1888 ilimtaka apige kengele au filimbi kila alipotaka kumpita mwenye mkokoteni, farasi au mtembea kwa miguu. Magari yalipojaa, mkubwa wa barabara akabadilika. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ukasema anayempita mwenzake aache nafasi ya kutosha.

Tatizo ni hilo neno "ya kutosha". Kwa dereva anayewahi abiria, shubiri moja inatosha. Mwenye baiskeli anahesabu vingine: shimo la kukwepa, mzigo unaoyumba, upepo wa lori unaovuta.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilikata mzizi wa fitina mwaka 1973 kwa kutaja kipimo: futi 3, yaani kama sentimita 91. Mwaka huohuo sisi Tanzania tulitunga Sheria yetu ya Usalama Barabarani. Wengine walifuata polepole. Queensland, Australia, ilianza 2014: mita 1 panapoendeshwa hadi kilomita 60 kwa saa, mita 1.5 zaidi ya hapo. Ujerumani ikaweka mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji mwaka 2020.

Utasema, nani atapima barabarani? Wenye shaka walikuwepo hata huko. Gavana wa California, Jerry Brown, alikataa miswada ya namna hii mwaka 2011 na 2012, akasaini 2013. Jibu ninalolipenda mimi ni la polisi wa West Midlands, Uingereza, mwaka 2016. Askari alivaa kiraia akapanda baiskeli. Dereva aliyempita kwa kubanana alisimamishwa mbele, akatandikiwa mkeka wenye vipimo, akaoneshwa kwa macho nafasi aliyopaswa kuacha. Hakuna mtambo wa ajabu hapo, ni baiskeli, mkeka na askari mwenye nia.

Jumapili nilimsimulia baba mdogo yote haya. Akanyoosha mkono wake wa kulia, upande magari yanakopita.

"Kwa hiyo mkono wangu wote?"

"Haufiki, baba. Ongeza na shubiri moja."

Akacheka sana. "Mimi hata kiwiko sijawahi kuachiwa."

Jumatatu asubuhi alipakia magunia yake kama kawaida. Ndugu msomaji, kama wewe ndiye uliyeshika usukani, ukimkuta mbele yako, nafasi ya kutosha ni ipi?