Vitu vya Wakuba viko Hampton. Memwari zetu ziko wapi?

Bandugu na badada wasomi, kuna historia moja inayotugusa sisi Wakongomani.

Mwaka 1868, miaka 3 tu kisha vita vya ndani vya Marekani kuisha, huko Hampton, Virginia, walifungua shule ya Weusi waliotoka utumwani. Mwaka uleule shule ikaanza na makumbusho yake. Ilikuwa shule ya kimaskini, lakini haikungoja utajiri ndipo ianze kuchunga vitu.

Mmoja wa wanafunzi wake, William Sheppard, alikuja Kongo kama mmisionari. Mwaka 1892 alifika kwa mfalme wa Wakuba, kule Kasai. Alikusanya vitambaa vya rafia, vikombe vya mti, visu. Kisha aliandika namna kampuni ya mpira ilivyotesa watu hao; mwaka 1909 ikamshitaki Léopoldville, akashinda. Mwaka 1911 Hampton ikanunua vitu vyake. Mpaka leo viko pale.

Na Leta ya Marekani? Sheria ya kusaidia makumbusho ya Weusi, pamoja na ya vyuo vyao vya zamani, ilisainiwa mwaka 2003. Hesabu: miaka 135 kisha. Na mwezi wa 3 mwaka 2025, rais Trump alisaini amri ya kupunguza mpaka chini kabisa ile taasisi inayogawa feza hizo. Msaada wa Leta unaweza kuchelewa, tena unaweza kukatwa.

Kwetu Kibumba tunalimaka kabichi, viazi na vitunguu. Memwari yangu ya agronomia ilikuwa juu ya mashamba hayo. Niliacha kopi mahali pa kuichunga. Niliporudi kuitafuta, haikuwepo tena. Vita vya 2022 vilitawanya wakulima walionijibu. Maneno yao yamebaki katika kopi moja tu, kwenye mufuko wangu.

Sisemi Leta isamehewe. Kulipa mutu wa kuchunga biblioteki na kutengeneza paa lake, hiyo ni kazi yake, na tuiombe bila kuchoka. Lakini Leta itasaidia nini kama hatukuchunga kitu? Tuanze na rahisi: kila mmoja wetu apige picha memwari yake, ukurasa kwa ukurasa, aiweke mahali pawili, na aandike kijiji na mwaka. Yangu nitaanza juma hili. Wewe yako iko wapi?