Minyoo wa Mirijani Katika Matumbawe ya Watamu

Vishada viwili vya buluu, manjano au chungwa unavyoviona juu ya jiwe la matumbawe si maua wala mwani. Ni taji la mnyoo, lenye kimo cha sentimita 1 au 2. Mwili wake umo ndani ya mrija wa chokaa alioujenga mwenyewe.

Wanasayansi humwita *Spirobranchus*. Kwa vishada hivyo, vilivyosokotwa kama parafujo, mnyoo hupumua na pia hula: vinyweleo vyake husukuma maji, hunasa planktoni na kuipeleka mdomoni. Kivuli cha mkono wako kikimpitia tu, hutoweka kufumba na kufumbua, na kifuniko kigumu huziba tundu. Subiri kidogo bila kutikisika. Atachungulia tena, polepole.

Madume na majike humwaga mbegu na mayai majini. Buu huelea siku kadhaa, kisha hutua juu ya tumbawe lililo hai. Wengi hudhani kuwa mnyoo hutoboa jiwe. La! Yeye hurefusha mrija wake kwenye tundu lake, huku tumbawe nalo likikua na kuuzunguka, hata kinachobaki nje ni tundu tu. Baadhi huishi zaidi ya miaka 10, palepale walipotua.

Watamu, pwani ya Kenya, wanakoishi minyoo hawa, imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1968. Maji yakipwa, tafadhali usikanyage matumbawe: jiwe likivunjika, mkazi wake hawezi kuhama.